Wiki ya Kwanza Ni ya Muuzaji

Leo hakuna vidio. Leo mtasoma, kwa sababu hili nikilisema mbele ya kamera nitaanza kutabasamu na kuinua kichupa, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kama umewahi kupanda matatu ya Kisii kwenda Nairobi kupitia Narok, umepita kwetu Kaplong, hata kama ulikuwa umelala. Ni njia panda. Barabara moja inaenda Litein na Kericho, nyingine Bomet na Narok, nyingine Sotik na Kisii. Gari likisimama kungoja abiria wawili watatu, kuna jamaa huingia na begi. "Habari zenu abiria, poleni na safari, sitawachosha." Kwa dakika nne hivi atakuonyesha kichupa kimoja kinachotibu meno, minyoo, mgongo, presha na gesi tumboni. Soo moja tu. Atampaka mzee mmoja kidogo kwenye goti, mzee asikie moto moto, atikise kichwa. Wanne watanunua. Jamaa atashuka kabla dereva hajaweka gia.

Nimekua nikimtazama huyo jamaa, na nilichelewa sana kuelewa kwa nini anapenda njia panda kuliko soko. Sokoni kuna mtu atarudi siku ya soko ijayo na goti lake bado linauma. Njia panda harudi mtu. Yule mzee anafika Bomet akiwa poa. Goti likianza tena Narok, jamaa yuko ndani ya gari lingine anasema poleni na safari.

Sasa sisi tunaofanya rivyu mtandaoni tunamcheka. Tunamwita tapeli. Lakini tumejenga njia panda kubwa kuliko ya Kaplong, watu wanapita na simu mkononi, na hakuna anayerudi. Tena yule jamaa ametushinda kwa jambo moja: hajawahi kudai kwamba ametumia mwenyewe kwa wiki mbili.

Wacha nianze na mimi, kwa sababu nikianza na wengine mtasema nina wivu.

Desemba iliyopita mtu alinitafuta inboksi. Ana mafuta ya uso, yanamaliza chunusi na madoa kwa siku saba. Malipo ni thao nne kwa M-Pesa, pamoja na vikopo viwili vya bure. Sharti moja: vidio itoke Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Yaani siku saba ziingie kati ya Jumatano na Ijumaa. Hesabu hiyo haihitaji digrii, na bado niliifeli.

Nilirekodi "siku ya kwanza" saa nane mchana nyuma ya jikoni, mahali penye giza, uso mkavu, nimenuna. Kisha nikanawa, nikabadilisha blauzi, nikafunga nywele vingine, nikakaa karibu na dirisha na ile taa yangu ya duara. "Wadau, wiki moja tu! Angalieni hii ngozi!" Ilikuwa saa tisa na nusu, siku hiyo hiyo. Wiki yangu nzima ilichukua dakika tisini. Ile ndiyo vidio iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka.

Jirani yetu ana binti aliye kidato cha tatu. Likizo anachuna majani chai na mamake, wanalipwa kwa kilo. Alinunua vikopo viwili kwa ile nambari niliyoweka chini ya vidio. Wiki ya kwanza akanitumia picha. Uso unang'aa, chunusi zimelala, anacheka. "Asante dada, umeniokoa." Mimi nikaichukua ile picha, nikaificha macho, nikaiweka kama ushahidi. Watu wakanunua zaidi.

Vikopo vikaisha. Siku chache baadaye alikuja nyumbani jua likiwaka, amejifunika leso mpaka hapa. Mathe ndiye alimfungulia. Alipoitoa ile leso, uso ulikuwa mwekundu, umevimba mashavuni, chunusi zimejaa mpaka shingoni. Nilijua amekuja kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Dada, yako ilichukua siku ngapi kuisha hivi?"

Elewa alichokuwa anauliza. Alidhani ni hatua. Alidhani na mimi nilipitia hapo, nikavumilia, kisha nikatoka upande wa pili na ile ngozi ya dirishani. Alikuja kuuliza njia kwa mtu aliyesema ameshaipita. Na mimi sikuwa na siku hata moja ya kumpa.

Hospitalini daktari aliomba kikopo. Hakikuwa na orodha ya vilivyomo, jina tu na picha ya ua. Akasema kwa jinsi uso ulivyofanya, anashuku kuna steroidi kali imechanganywa humo. Hakupima mafuta yenyewe, kwa hiyo na mimi siwezi kuapa. Lakini alichotueleza kuhusu hizo steroidi ndicho kilichonifanya niandike leo.

Steroidi kali ikipakwa usoni hutuliza wekundu na uvimbe haraka sana. Siku tatu nne, unajiona malaika. Ndiyo maana madaktari huitumia, kwa vipimo na kwa muda, kwa magonjwa fulani ya ngozi. Ukiendelea nayo kiholela, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinazaliwa upya. Ukiacha ghafla, kila kitu kinarudi kwa hasira. Kwa hiyo unarudi dukani. Unaona mtego? Wiki ya kwanza ndiyo wiki bora kuliko zote utakazowahi kuwa nayo na hicho kikopo.

Hidrokwinoni, ile ya kung'arisha, ni hivyo hivyo. Mwanzoni madoa yanafifia. Ukiitumia muda mrefu bila daktari inaweza kukuachia mabaka meusi kuliko uliyoanza nayo. Zebaki nayo hung'arisha huku ikiingia mwilini na kuumiza figo, na figo haionekani kwenye kamera. Ndiyo maana KEBS imepiga marufuku mafuta ya ngozi yenye vitu hivyo viwili, na bado yanauzwa, kwa sababu kila wiki kuna mtu ambaye yuko kwenye wiki yake ya kwanza.

Toka usoni, ingia tumboni. Chai ya kupunguza uzito. Manze, sisi ndio watu wa chai, halafu tunauziwa chai kutoka kwa pakiti ya rangi ya waridi kwa bei ya gunia la mahindi! Nyingi ya hizo huwa na majani ya senna, ambayo kazi yake inajulikana miaka na miaka: yanakuendesha choo. Ukiharisha siku tatu, mizani itashuka. Kweli kabisa, itashuka. Ila kilichotoka ni maji na chakula cha jana. Mafuta ya mwili yamekaa pale pale yanakuangalia. Rivyu ya siku ya tatu itasema kilo mbili zimeenda, na haitakuwa imedanganya hata neno moja. Itakuwa imefika tu mapema.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watu wanadhani shida ya rivyu za mtandaoni ni uongo. Uongo upo, na mimi nimeshakiri wangu. Lakini hata ungekuwa mkweli kama malaika, ukifanya rivyu ya bidhaa ya muujiza baada ya wiki moja, umemfanyia muuzaji kazi. Bidhaa hizi zimetengenezwa zishinde wiki ya kwanza. Hapo ndipo pesa zao zote zimeenda. Kupima kitu mahali pale pale ambapo kimeandaliwa kushinda si kupima. Ni kupiga makofi.

Na usifikiri hili limeletwa na simu. Mwaka 2011 nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, yule waliyemwita Babu, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mizizi kule Samunge, kaskazini mwa Tanzania, kwa shilingi 500 za huko. Foleni za magari zilikuwa za kilomita na kilomita. Kenya nzima ilienda. Kutoka huku kwetu watu walichanga nauli, wakapita Bomet, wakapita Narok, wakavuka.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kisukari. Alirudi akiwa amechangamka, anatembea kama msichana, na Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Nimepona. Watu walilia. Hakuwa anadanganya, wadau. Mtu ambaye amesafiri siku mbili na matumaini, akaombewa, akanywa, akarudi hai, anajisikia vizuri kweli. Wiki iliyofuata magari mawili zaidi yaliondoka kijijini kwetu kwa ushuhuda wake. Miezi michache baadaye sukari ilimrudisha hospitalini, maana dawa zake alikuwa ameziweka kando. Kwenda alishangiliwa na kanisa lote. Kulazwa alitembelewa na watu sita. Na hakuna aliyemwambia asimame tena mbele kurekebisha ushuhuda wake. Hatuna hata jina la kitu kama hicho. Ushuhuda wa mwezi wa sita unaitwaje?

Wengine mtasema huo ni ushamba wa vijijini, watu wa sayansi hawawezi. Mwaka 1990 hapa Kenya ilitangazwa dawa ya UKIMWI, Kemron, kutoka KEMRI, taasisi ya utafiti ya serikali. Rais Moi mwenyewe aliitangaza. Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya wagonjwa wachache na wiki chache, na yalipendeza ajabu. Dunia ilikuja kuangalia. Baadaye Uganda ikafanywa kazi ya polepole: wagonjwa zaidi ya 500, nusu wanapewa dawa, nusu wanapewa kidonge kisicho na kitu, hakuna anayejua amepewa kipi. Matokeo? Hakukuwa na faida. Kama maprofesa na ikulu wanaweza kubebwa na wiki za kwanza, wewe na filta yako ni nani?

Sasa nikupeleke upande wa pili, na si mbali. Kericho kuna kituo cha utafiti wa chai. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa Loliondo, walitoa rasmi aina ya chai ya zambarau, ile ya TRFK 306. Ukiiona shambani majani yake ni kama yamevaa suti. Utafiti wake ulichukua takriban miaka 25. Walikuwa wanapanda, wanangoja, wanapima, wanatupa, wanapanda tena. Robo karne, ndipo wakamwambia mkulima: chukua, panda. Kwa sababu mkulima akishang'oa migomba yake na kupanda chai, anangoja kama miaka mitatu kabla hajaanza kuchuna vizuri. Ukimdanganya, umemwibia miaka.

Na leo hiyo hiyo chai ya zambarau nimeona wadau wenzangu wakiiuza kwa vidio za sekunde thelathini: inaondoa kitambi, inasafisha damu, inarudisha ujana. Miaka 25 ya kazi ya watu wenye subira, tumeigeuza muujiza kwa sekunde thelathini. Hata mwonja chai kiwandani huacha majani yalowe dakika tano sita kabla hajatia kijiko mdomoni. Na hiyo ni chai ya kawaida tu, haijaahidi mtu chochote.

Najua mtakachosema, nimeshakisikia kwenye simu wiki hii yote.

"Mtandao hausubiri. Ukichelewa wiki sita, bidhaa imeshapitwa." Sawa. Basi uliza ni bidhaa gani hiyo ambayo ikisubiri wiki sita inakufa. Mahindi yanasubiri. Mursik inasubiri, na ndiyo maana ni tamu. Kitu ambacho hakiwezi kuvumilia siku arobaini za kutazamwa kinakwambia chenyewe ni nini.

"Wewe umeshiba, sisi tunatafuta kodi." Mimi? Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, naishi kwa mathe, na wiki zingine bando lenyewe ni la mkopo. Thao nne ilikuwa pesa nyingi sana kwangu. Lakini yule binti alinunua vile vikopo kwa pesa ya majani, kilo kwa kilo, mvua ikimnyeshea mgongoni. Tukianza kulinganisha shida, yeye yuko mbele yangu kwenye foleni.

"Si mimi niliyetengeneza, lawama ni ya kampuni." Kampuni hakuijua. Alinijua mimi. Walininunua kwa sababu ya hilo tu, kwamba kuna watu wananiamini. Nikishauza hiyo imani siwezi kusema sikuwepo kwenye biashara.

"Wewe hata chuo hukumaliza, unatufundisha sayansi?" Ndiyo, niliacha chuo. Kuhesabu siku sikuacha.

Basi hivi ndivyo nitakavyofanya kuanzia sasa, na mnishike nikiteleza.

Mafuta ya uso: kwanza napaka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono, nangoja siku mbili. Nikiwasha, basi, hiyo ndiyo rivyu. Nisipowasha, napaka upande mmoja wa uso tu, upande wa pili naendelea na mafuta yangu ya kila siku. Picha kila Jumapili, dirisha lile lile, saa ile ile, bila taa. Ngozi ya kijana hujibadilisha kwa kama wiki nne, na hata dawa halali ya chunusi madaktari husema uipe wiki sita hadi kumi na mbili. Kwa hiyo mimi nitatoa wiki nane. Kisha, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeifanya, nitaacha kutumia na kungoja wiki mbili zaidi. Rivyu ya kweli inaanza kikopo kikiisha.

Mafuta ya kukuza nywele: nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mtu akikuonyesha nywele za bega baada ya wiki mbili, amekuonyesha wigi au amekuonyesha pasi. Nitapima kwa rula, miezi mitatu.

Kitu cha kumeza chenye ahadi ya kutibu: sitakifanyia rivyu kabisa. Hakuna idadi ya siku itakayonifanya niwe maabara. Hapo uliza mfamasia aliye dukani kwake, mwenye cheti ukutani.

Na kabla ya yote hayo nasoma kikopo. Hakina orodha ya vilivyomo, kinarudi kilikotoka. Kimeandikwa calomel au Hg, hiyo ni zebaki. Kinakuonya usikiguse ukiwa umevaa fedha, dhahabu au alumini, shtuka, maana zebaki ndiyo hugombana na vito. Kina alama ya KEBS, sitosheki na mchoro, mtu anaweza kuchora. Natuma SM# na ile nambari ya chini yake kwenda 20023, naona kama jina linalorudi ndilo lililo kwenye kikopo.

Nitapoteza kazi? Nimeshapoteza. Wiki iliyopita nilimwambia mmoja kwamba nahitaji wiki kumi, akaandika "haha" na kuondoka. Sikumwita tena. Ile vidio ya Desemba sijaifuta. Nimeacha ikae, na juu yake nimeandika kwamba zile siku saba zilikuwa dakika tisini, ili anayepita njia panda akute kibao.

Zile thao nne zilienda kwa dawa za yule binti, na hazikutosha, mathe akaongeza. Msinipongeze. Kurudisha ulichochukua si ukarimu. Alirudi shuleni Januari uso ukiwa umetulia kiasi, bado na alama. Tukikutana kwenye njia ya kituo cha majani ananisalimu vizuri kabisa, "Chamgei dada," na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Nawaomba kitu kimoja tu, nyinyi mnaotazama. Msitutukane, haisaidii, tunapata watazamaji zaidi. Kila ukiona mtu ameinua kichupa na kutabasamu, mimi nikiwemo, muulize swali lile nililoulizwa mlangoni kwetu. Muulize kwa adabu, kama alivyouliza yeye.

Siku ngapi?